Kura ya Oktoba, Maneno ya Agosti

Swali lilitoka kwa mpwa wangu, na lilinikuta sina jibu. Ilikuwa katikati ya Februari 2024. Edward Lowassa alikuwa amefariki dunia Jumamosi ya tarehe 10, bendera zilikuwa nusu mlingoti, na televisheni ya Mama Lishe kule Temeke, tunakonywea chai ya asubuhi, ilikuwa inarudia picha za maisha yake: mbunge wa Monduli, waziri wa maji, Waziri Mkuu, kisha yule mgombea urais wa 2015 akiwa jukwaani na umati ukiitikia "mabadiliko". Mpwa wangu alikuwa anasoma siasa chuo kikuu, mwaka wa pili. Aliukodolea macho ule umati kama anayemtafuta mtu.

"Mjomba, na wewe ulikuwemo humo?"

Nikamwambia nilikuwemo.

"Na 2007, Mwembe Yanga, ulikuwepo?"

Nilikuwepo pia. Viwanja vya Mwembe Yanga haviko mbali na benchi tulilokalia. Tarehe 15 Septemba 2007 Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisimama pale akasoma majina 11 ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Jina la Lowassa, wakati huo akiwa Waziri Mkuu, lilikuwa mojawapo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Miaka minane baadaye chama kilekile kikamsimamisha Lowassa kugombea urais, nami nikampigia kura.

"Basi, mjomba," akasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye kikombe, "wewe ni mtu wa namna gani?"

Hakuwa ananitukana. Alitaka kujua. Lakini benchi zima lilisikia, na kwa kuwa kila aliyekuwapo alikuwa na lake la 2015, swali halikubaki langu peke yangu. Yaliyosemwa nayaandika kwa kadiri nilivyoyashika, na wasemaji nitawaita kwa kazi zao.

Dada Wakili ndiye aliyelidaka wa kwanza.

WAKILI: Mdogo wangu, swali lako lina mtego ndani yake. Umeshachukulia kwamba doa lipo. Nani alilithibitisha? Mwaka 2006 nchi ilikuwa na ukame, mabwawa yamekauka, umeme wa mgawo. Serikali ikatafuta umeme wa dharura, megawati 100, zabuni ikaenda kwa kampuni ya Richmond, na kampuni ikashindwa. Bunge likaunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Taarifa ikasomwa Dodoma tarehe 6 Februari 2008, na kesho yake Lowassa akajiuzulu, akilalamika bungeni kwamba kamati haikumwita kumsikiliza. Mpaka anaingia kaburini hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa Richmond, wala hakuna iliyomwita kizimbani. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika, na huyu hata kushtakiwa hakushtakiwa. Kama yeye mwenyewe hatiani hayumo, utamtiaje hatiani mjomba wako aliyetia tiki tu?

MPWA: Dada, mimi siulizi habari za jela. Nauliza habari za uso. Mtu anaweza asiwe na kesi popote na bado akaona haya.

WAKILI: Haya ya nani? Hata angekutwa na hatia, kosa la mtu halirithiwi wala haliambukizi. Tukianza kuwapa wafuasi madoa ya viongozi wao, kesho mtu atafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga kwa sababu ya kofia aliyovaa.

Hilo la kofia si la kubuni. Wapangaji na wenye nyumba walikosana mwaka ule, na nafahamu ndoa mbili zilizoyumba. Nikataka kusema, lakini Mama Lishe alikuwa ameshaweka mwiko chini.

MAMA LISHE: Mimi nilimpigia, na haya sijaona hata siku moja. Mwanangu wa kwanza alimaliza darasa la saba enzi za Lowassa Waziri Mkuu. Alama alizopata, zamani zilikuwa za kurudi nyumbani kukaanga karanga. Lakini ndipo zilipokuja zile shule za kata, wakuu wa mikoa wanakimbizwa huku na huku, wananchi tunachanga matofali. Ile ya kwetu haikuwa na maabara. Walimu walikuwa wa kuhesabu kwenye vidole vya mkono mmoja. Watu wakaziita kila jina la dharau. Lakini ilikuwa sekondari, mwanangu akaingia, na leo ni muuguzi. Nilipoingia kwenye kituturi mwaka 2015, karatasi ya kura haikuniuliza nampenda mtu huyu kwa lipi na namchukia kwa lipi. Iliniuliza tiki tu. Mambo yangu ishirini yote nikayaweka kwenye tiki moja. Sasa nyinyi mtajuaje ni lipi kati ya hayo ishirini nililomtilia tiki?

Sijawahi kuisikia hoja hiyo ikisemwa vizuri zaidi ya hapo, hata na watu wanaolipwa kuisema. Lowassa alipata kura 6,072,848 mwaka ule, karibu asilimia 40, na hakuna mgombea wa upinzani aliyekuwa amefika hata karibu ya hapo; Dk. Slaa mwaka 2010 alipata milioni mbili na laki kadhaa. Katika hao milioni sita wamo waliompigia kwa sababu ya shule, wamo wa Kahama na Shinyanga waliokumbuka mradi wa maji ya Ziwa Victoria alioukomalia akiwa waziri, wamo waliokuwa wameichoka CCM na wangempigia yeyote. Anayetaka kuwasoma tabia wote kwa jina lililokuwa juu ya karatasi anasoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Mzee Balozi, ambaye ni balozi wa shina wa CCM mtaani kwetu tangu sijaoa, alikohoa.

BALOZI: Jamani, mtu hajazikwa. Jumamosi ndiyo wanampeleka ardhini kule Monduli. Marehemu hasemwi.

MWALIMU: Mzee wangu, hatumsemi yeye. Yeye ameshatoka kwenye hili swali. Tunajisema sisi tuliobaki.

Hapo inabidi nimweleze Mwalimu. Alifundisha historia miaka thelathini na kitu. Alikuwa kiongozi wetu wa tawi, na pale Mwembe Yanga ndiye aliyekuwa na daftari. Wakati sisi tunapiga makofi, yeye alikuwa anaandika majina. Agosti 2015 aliacha kuja vikaoni. Tangu hapo mimi na yeye tumekalia benchi hili miaka mingi tukizungumzia mpira na bei ya mchele.

MWALIMU: Mama, kura yako sina neno nayo. Ulisema nini kuhusu Richmond kabla ya 2015?

MAMA LISHE: Sikusema kitu. Nilikuwa napika.

MWALIMU: Basi huna deni. Wenye deni ni sisi tuliosema. Sikilizeni, nitaieleza taratibu kwa sababu nimekaa nayo miaka tisa. Kuanzia 2007 tulizunguka nchi hii tukiwaambia watu kwamba mtu huyu ni fisadi. Hatukusema "inasemekana". Tulilitaja jina. Watu walituamini, wengine walipoteza kazi kwa kutuamini. Tarehe 28 Julai 2015 akaja kwetu, na siku chache baadaye tukamkabidhi bendera. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu tulimfungua kamba siku ileile. Sasa, tuliyoyasema yalikuwa ama ya kweli ama ya uongo. Kama yalikuwa ya kweli, tulitakiwa kuwaambia wananchi: huyu ana haya na haya, na bado tunamchukua, na sababu zetu ni hizi, tupimeni. Kama yalikuwa ya uongo, tulitakiwa kupanda jukwaa lilelile la Mwembe Yanga tumwombe radhi yeye na watoto wake, maana tulimchafua mtu miaka minane. Mimi ningelikubali lolote kati ya hayo mawili. Ningelikubali hata kumnadi. Tulichofanya ni kunyamaza, kama vile midomo ile haikuwa yetu.

WAKILI: Baba, siasa ni muungano wa wasiopendana. UKAWA ilikuwa na vyama vinne. Bila kumeza mambo, hamna muungano.

MWALIMU: Kumeza nakujua. Mwalimu wa shule ya serikali amemeza mengi. Ukimeza kitu unajua umekimeza. Sisi tulidai hatujawahi kukiona mezani.

Nikaona zamu yangu imefika. Nilijitetea kwa maneno niliyoyatumia mwaka ule, na nilipoyasikia yakitoka tena yalikuwa mepesi kuliko nilivyoyakumbuka. Nikasema tatizo lilikuwa mfumo. Nikasema mtu mmoja hawezi kuiba peke yake, serikali nzima ilikuwa nyuma ya mkataba ule, na Lowassa alitolewa kafara ili wengine wabaki.

MWALIMU: Inawezekana kabisa. Lakini angalia saa uliyoligundua hilo. Ulipokuwa unamchukia ulitaja jina. Ulipomhitaji ukataja mfumo.

Benchi likanyamaza kidogo. Mama Lishe akanimiminia chai ambayo sikuiomba.

MPWA: Kuna utafiti tulisomeshwa, wa Marekani. Taasisi inaitwa PRRI iliwauliza Wakristo wazungu wa madhehebu ya kiinjili: kiongozi aliyefanya uovu katika maisha yake binafsi anaweza kweli kuwa mwadilifu katika kazi ya umma? Mwaka 2011, asilimia 30 walisema anaweza. Mwaka 2016 wakaulizwa tena swali lilelile, na asilimia 72 wakasema anaweza. Katika miaka hiyo mitano Biblia yao haikubadilika hata aya moja. Kilichobadilika ni mgombea; safari hii alikuwa Donald Trump.

MWALIMU: Umeona? Hapo ndipo ninapopasema. Madoa ya mgombea hayakuwaingia wale watu. Walisogeza wenyewe jiwe la mizani, kwa mikono yao, kisha wakasema mizani ilikuwa hivyo siku zote.

Mwuza samaki wa dirisha la pili alikuwa amesimama anasubiri chenji, akatupa neno akiwa njiani kuondoka: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Watu wengi wanaishia hapo katika mjadala huu. Methali inapigwa kama muhuri na kesi inafungwa. Mama Lishe hakukubali ifungwe.

MAMA LISHE: Nani kasema? Mimi naenda soko la Feri alfajiri miaka kumi na tisa. Samaki mmoja akioza namtoa, naosha kapu, naongeza barafu, biashara inaendelea. Kapu zima linaoza pale mwenye kapu anapohisi harufu akasema si harufu, ni bahari. Halafu anayemwambia inanuka anamfukuza kibandani.

Maneno hayo ya mwisho aliyasema akinitazama mimi. Mama Lishe alikuwepo Agosti 2015, nitalifikia hilo.

WAKILI: Lakini Mama, mwenye kapu ni nani? Nyinyi mnamzungumzia mpiga kura kana kwamba ndiye aliyechagua samaki. Katika nchi hii mtu hawezi kugombea urais wala ubunge bila kupitishwa na chama. Mchungaji Mtikila alilipigania hilo mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha, na Juni 2013 mahakama ikasema kuzuia mgombea binafsi kunakiuka haki za raia. Sheria haikubadilika. Na ukishamchagua mbunge huna namna ya kumwondoa katikati. Rasimu ya Katiba ya Tume ya Warioba ya 2013 ilipendekeza wapiga kura wawe na uwezo huo. Kwenye Katiba Inayopendekezwa halikuonekana. Kapu linajazwa na wachache ukumbini, usiku. Wewe asubuhi unaambiwa chagua. Halafu likinuka, unaambiwa ni wewe!

MPWA: Lakini dada, tunaambiwa mwananchi ndiye mwajiri.

WAKILI: Mwajiri asiyeandika mkataba na asiyeweza kufukuza. Huyo ni mwajiri wa jina.

Hoja hii ni nzito na sikuisikia ikijibiwa vizuri siku ile. Naamini inampunguzia mpiga kura mzigo mkubwa kuliko tunavyokiri. Ila kuna upande wake mwingine, na aliyeuleta ni Mzee Balozi, mtu ambaye sikutegemea.

BALOZI: Wakati mwingine kapu tunalijaza pamoja nao. Takrima je? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi iliruhusu takrima, eti ukarimu wa jadi, mpaka Mahakama Kuu ikaifuta mwaka 2006. Ilipofutwa tuliacha? Mimi nimegawa khanga mtaa huu chaguzi ngapi! Nimegawa sukari. Hakuna aliyezirudisha. Mtu amekula pilau ya mgombea, amevaa fulana ya mgombea, kisha miaka mitatu baadaye anashangaa mgombea ni mtu wa kutoa rushwa. Hapo huwezi kusema doa ni lake peke yake. Yule aliyepokea anajua fedha zilitoka wapi, au alichagua kutojua.

MAMA LISHE: Khanga nilichukua. Kura nikampa mwingine.

BALOZI: Na khanga bado unayo?

MAMA LISHE: Ilishachakaa.

Sikuona mtu wa kumlaumu pale. Mama aliyepokea khanga mbili kwa miaka mitano, khanga pekee alizowahi kupewa na dola, simpimi kwa ratili ninayompimia aliyenunua khanga elfu kumi. Lakini Balozi alikuwa amegusa mahali pa kweli: kuna uhusiano kati ya mfuasi na kiongozi ambamo udhaifu wa kiongozi ni bidhaa, na mfuasi ni mteja.

Kisha akaendelea, na sauti ikabadilika.

BALOZI: Ngoja niseme, maana Mwalimu amesema deni. Nyinyi CHADEMA mlinyamaza. Sisi je? Miaka yote Lowassa akiwa kwetu, ukimtaja vibaya mtaani nilikuwa nakukemea. Julai 2015 Dodoma jina lake likakatwa, akahama, na kufikia Septemba mimi ndiye nilikuwa namwita fisadi nyumba kwa nyumba. Richmond nikaikariri kama sala. Tarehe 1 Machi 2019 akarudi, akapokewa ofisi ya chama ya Lumumba, na jioni ile nilipiga vigelegele hapahapa. Mara mbili katika miaka minne niliigeuza kauli, na kila mara nilisema chama kimesema.

MWALIMU: Na chama kweli kilisema.

BALOZI: Kilisema. Lakini kuna jambo jingine. Mwaka ule nilimwigiza. Alivyokuwa anatembea, mikono yake, afya yake. Nilisimama pale kwenye mwembe nikamwigiza mzee mwenzangu mgonjwa, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

MPWA: Mzee, chama kilikutuma umwigize?

Alichukua muda.

BALOZI: Hapana, mwanangu. Lile nililitoa mwenyewe.

Nimeyaandika mengi kuhusu siasa katika maisha yangu, na sidhani nimewahi kusikia mtu akiupata mpaka kati ya lake na la chama kwa usahihi kama huo. Chama kilimpa Balozi mgombea wa kumpenda na mgombea wa kumchukia. Kilimpa pia maneno. Kuiga mwendo wa mgonjwa hakupewa na mtu. Hapo hakuna dosari ya mwanasiasa yeyote inayohitajika kueleza kilichotokea. Ni Balozi mwenyewe, chini ya mwembe, na kicheko alichokitafuta.

Mwalimu, nadhani kwa huruma, akahamisha mazungumzo kidogo. Akatukumbusha habari za Mzee Mwinyi, ambaye wiki mbili baada ya siku ile naye alitutoka. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza. Hakumgusa mtu yeyote kwa mkono wake. Alibeba. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka uliofuata Rais wa Muungano.

MWALIMU: Nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba lawama hupanda. Aliye juu hubeba ya walio chini, kwa sababu ana amri juu yao. Je, hushuka pia? Aliye chini hubeba ya aliye juu?

WAKILI: Haiwezi kushuka. Mfuasi hana amri juu ya kiongozi. Pasipo amri hapana lawama.

MWALIMU: Kwa sheria, nakubali. Lakini mfuasi ana amri juu ya kitu kimoja, kinywa chake. Mimi simlaumu mfuasi kwa alichofanya kiongozi chumbani, au ofisini, au kwenye mkataba. Namuuliza alisema nini alipojua, na alimfanya nini mwenzake aliyeendelea kusema.

Hapo ndipo Agosti 2015 ilipotaka nafasi yake, nami sikuwa na pa kukimbilia.

Ilikuwa kibandani hapahapa. Profesa Lipumba alikuwa ameshajiuzulu uenyekiti wa CUF, chama kingine cha UKAWA, mapema mwezi ule, minong'ono ilikuwa inasema Dk. Slaa naye hajaonekana, na tarehe 1 Septemba kweli alitangaza kuachana na siasa. Mwalimu alikuja asubuhi moja na daftari lake la Mwembe Yanga. Alilifungua kwenye ukurasa wa majina, akaliweka mezani, akauliza tunafanya nini na ukurasa huu. Hakupiga kelele. Mimi nilisimama mbele ya watu saba au wanane nikamwita msaliti. Nikasema amenunuliwa. Nikataja hata bei, bei niliyoitunga palepale. Watu wakanipigia makofi, na Mwalimu akafunga daftari, akalipa chai yake, akaondoka.

Sikuwa na ushahidi wowote. Mimi ambaye kwa miaka minane nilipigia makofi hoja ya kutaka ushahidi wa mikataba, nilimhukumu rafiki yangu bila karatasi hata moja, kwa kosa la kukumbuka nilichokuwa nimekisema mwenyewe.

Nikamweleza mpwa wangu hayo yote, Mwalimu akiwa ameketi pembeni yangu anasikiliza. Nikamwambia kwamba kwa kura yangu sijutii. Niliipiga kwa sababu zangu, nyingine nzuri na nyingine za hasira, na naweza kuzitetea zote mbele yake. Aliyoyafanya au asiyoyafanya Lowassa mwaka 2006 ni yake, na hakuna tone lililonirukia mimi Temeke. Lakini ameniuliza mimi ni mtu wa namna gani, na jibu halimo kwenye sanduku la kura la Oktoba. Limo kwenye yale maneno ya Agosti.

MPWA: Na Mwalimu, wewe ulimpigia nani?

MWALIMU: Sikupiga. Tarehe 25 Oktoba nilimwagilia mchicha.

MAMA LISHE: Basi na wewe una chako.

MWALIMU: Ninacho. Niliona wote hawanifai nikajiona nimebaki safi. Kumbe wajukuu wangu wamechaguliwa rais na diwani na watu wengine, mimi nikiwa bustanini. Miaka yote hii nimewadai wenzangu maneno, na mimi sikutoa hata alama ya wino kwenye kidole. Hilo nalo lihesabiwe.

WAKILI: Kutopiga kura ni haki yako, baba.

MWALIMU: Haki ni haki yangu. Lakini aliponiuliza huyu mtoto, nimeona tabu kulijibu swali lake.

Watu wakaanza kuinuka. Televisheni ilikuwa imehamia kwenye soko la mazao. Balozi aliaga mapema kuliko kawaida yake, akampa Mwalimu mkono, jambo ambalo sikumbuki kuliona kabla. Nilimshika Mwalimu kabla hajavuka mtaro, nikamwambia nilichotakiwa kumwambia miaka tisa iliyopita. Nikamwomba radhi kwa neno lile, na kwa ile bei.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kama anayesahihisha mtihani:

"Uliniita hivyo mbele ya nani?"

Nikaanza kuwataja. Mama Lishe. Balozi hakuwepo. Fundi wa redio, ambaye amekwisha kufa. Mshona viatu, naye amekufa. Dereva wa daladala aliyehamia Mbagala. Katekista. Yule kijana wa duka la simu ambaye sasa yuko Kahama. Na mwingine ambaye sura naikumbuka lakini jina limenitoka.

"Wao ndio walisikia," akasema. "Mimi nilijua kuwa si kweli. Wao hawakujua."

Usiku ule mpwa wangu alinisaidia kutafuta namba. Ya Mbagala haikupatikana. Nimeanza na wa Kahama. Simu iliita muda mrefu, akapokea, akauliza ni nani mwenzangu, na nikamwambia nina jambo la mwaka 2015 ambalo nilimwambia vibaya.